Mwanakaya wa Pili

Jumatatu, 3 Juni 1996. Ifakara.

Leo imetimia miaka ishirini na moja na miezi tisa tangu tuhamishwe kutoka kijijini kwetu Lihonga. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Lori lilikuwa la kijani, halikuwa na turubai. Naandika kwa usahihi kwa sababu shemeji yangu Amedeus, aliyekuwa ndani ya lori hilohilo, husema lilikuwa la bluu, na kwamba alifurahi kupanda gari. Amedeus ni mtu wa kufurahia magari.

Habari kubwa. Kijiji kilichomeza Lihonga kinagawa upya mahame yetu. Tangazo limebandikwa kivukoni, na Yunusi wa pantoni kaninakilia neno kwa neno. Wenye asili ya pale watafikiriwa kwanza. Ila mtu awe amehamia, yeye na kaya yake, ifikapo Alhamisi tarehe 13, na kamati itapita kukagua Jumamosi tarehe 15. Asiyeonekana, eneo lake anapewa mwingine.

Nimelisoma mara nne. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na minane. Tangazo najua kulisoma. Neno gumu ni kaya.

Nimemwambia mke wangu Serafina wakati anachambua mchele. Hakuinua uso. Akasema vizuri, Baba Fidelis, uusalimie mto. Nikasema tunakwenda wote. Akasema yeye haendi popote. Nikasema basi nitakwenda peke yangu. Akasema mtu wa miaka sitini na minane hatalala porini peke yake mpaka yeye Serafina awe amekufa, na kwamba hajafa, niangalie vizuri.

Nikaangalia. Hajafa.

Jumanne, 4 Juni.

Nimeamka na jibu. Serafina hakusema nisiende. Alisema nisiende peke yangu. Kisheria hayo ni mambo mawili tofauti.

Basi mwenzangu awe nani? Mwanetu Fidelis yuko Morogoro na kazi yake. Amedeus nilimfikiria kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, nikamwondoa. Amebaki mbwa.

Mbwa mkali. Lihonga kuna nguruwe na ngedere, na mpunga usio na mlinzi huvunwa na wao. Mimi nitalala juu kwenye dungu, mbwa chini ya ngazi. Nguruwe akisogea, mbwa anamrarua. Serafina hana la kusema. Mpango hauna tundu.

Nimekwenda kwa Bwana Marselino, afisa mifugo mstaafu. Ana banda la mbwa nyuma ya nyumba. Wazungu wa miradi mikataba ikiisha hufunga masanduku na kuwaacha mbwa wao getini, wakiamini atatokea mtu. Marselino ndiye huyo mtu. Nimekuta mbwa saba. Sita walibweka. Wa saba alikuja kwenye wavu, akauegemea pale nilipoweka mguu, akashusha pumzi kama msafiri aliyetua mzigo.

Nilimtaka mweusi wa kona, aliyekuwa akitafuna mlango. Marselino akasema huyo hatoki, kwani humng'ata hata anayempa chakula. Akasema wangu ni huyu aliyeegemea. Jina lake Beri. Mama yake mbwa wa hapahapa Kisawasawa. Baba yake mbwa wa kuchungia kondoo, aliyeletwa na mke na mume kutoka Ulaya. Mweusi na mweupe, manyoya marefu shingoni, sikio moja limesimama na jingine limelala. Umri miaka mitatu.

Nikauliza ni mkali kiasi gani. Marselino akafikiri sana. Akasema ana bidii.

Nikarudia swali. Akarudia jibu.

Na si kwamba unamchukua tu. Marselino hutoa mbwa kama padri anavyofungisha ndoa: kuna maswali, kisha kuna kuja kuiona nyumba. Akauliza kama mke wangu ameridhia. Nikamjibu kwamba ameridhia kabisa, tena kwa furaha.

Jumatano, 5 Juni.

Marselino alisema atafika saa nne. Kwa hiyo saa tatu na nusu nilimwambia Serafina kwamba jirani yetu Mama Edna anaumwa tumbo na anamwita. Akaondoka mbio na majani ya mpera mkononi. Nikavaa shati la mahakamani.

Marselino akafika na kumkuta Amedeus kibarazani kwangu, amekalia kiti changu, kwa sababu Amedeus akiona mtu anavaa shati safi siku ya kazi lazima aje ajue sababu. Akaulizwa kama nyumba hii inafaa kwa mbwa. Akajibu kwa uso wa shahidi aliyeapa kwamba shemeji yake Kasmiri aliwahi kufuga kuku mmoja, mwaka 1981, na kuku huyo alihama mwenyewe.

Nikamwambia Marselino kwamba shemeji ana utani. Marselino akasema ameona.

Ndipo Serafina akarudi, na Mama Edna nyuma yake, mzima kabisa, anatafuna muwa. Marselino akasimama, akamshukuru Serafina kwa moyo wake wa kukubali mbwa.

Mama Edna aliacha kutafuna ili asikie vizuri.

Serafina alinitazama kwa muda ambao sitaupima hapa. Kisha akamuuliza Marselino, mbwa mwenyewe ana shida gani? Marselino akasema hana shida, aliachwa tu. Wenyewe waliondoka asubuhi na gari. Alikaa pale getini siku kumi na moja, haendi popote, anaangalia barabara.

Serafina akayatazama yale majani ya mpera. Akasema mleteni. Akasema pia kwamba mimi leo nitakula kwa Mama Edna, anayeumwa tumbo.

Nimekula kwa Mama Edna. Mchicha, bila chumvi.

Alhamisi, 6 Juni.

Mbwa amefika. Nimempa jina jipya: Hakimu. Jina lenye uzito, nguruwe ataliheshimu. Serafina amekataa. Amesema hakimu mwenyewe anakaa nyumba ya nne kutoka hapa na mkewe hupita kila siku kwenda sokoni. Mke huyo atasikiaje nikipiga kelele kwamba Hakimu ashuke mezani? Hoja imekubaliwa. Anabaki Beri.

Tuna bata sita. Saa tisa alasiri nilihesabu bata kumi na tisa. Wamesimama katikati ya uwanja wamebanana kama watu wa foleni, na Beri amelala mbele yao, kidevu juu ya miguu, anawatazama. Hakumgusa hata mmoja. Amewakusanya mtaa mzima. Wanne ni wa Amedeus. Alikuja kuwachukua, akauliza kama nimempata mbwa huyu polisi au polisi wanamtafuta.

Jambo jingine nimeliona. Mimi husomea nyuma ya nyumba. Serafina hukaa jikoni. Beri hawezi kutulia hivyo. Anakwenda jikoni, anamwangalia Serafina. Anakuja nyuma, ananiangalia mimi. Baada ya safari ya tano alipita nyuma ya magoti yangu akanisukuma kwa pua. Nikasogea hatua. Akasukuma tena. Nilifikishwa jikoni. Nilipokaa kwenye kigoda karibu na mafiga, alituzunguka mara moja, akalala.

Nimesoma kurasa arobaini jikoni. Moshi mwingi. Serafina aliniuliza kitabu kinahusu nini. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiuliza.

Ijumaa, 7 Juni.

Mafunzo ya ukali. Nina kitabu cha ufugaji cha mwaka 1958. Sura ya mbwa ni nusu ukurasa. Kinasema mbwa hujifunza kwa kuiga. Basi nikapiga magoti uwanjani, nikaonyesha meno, nikabweka. Beri alinisikiliza kwa heshima. Nikabweka tena kwa nguvu zaidi. Juu ya ua ikatokea kofia ya Amedeus. Akauliza kama aende kumwita Marselino aje kunichukua.

Lakini alikubali kusaidia. Amedeus hukubali chochote kitakachomfanya awe na la kusimulia. Akavaa gunia kichwani, akapanda ua kama mwizi. Nikamwelekeza Beri, shika. Beri akashika. Alishika pindo la suruali, polepole, akamvuta Amedeus kinyumenyume hadi kwenye mkeka alipokuwa Serafina, akamwachia. Kisha akaja kunisukuma mimi. Tulipokuwa watatu mkekani, akalala katikati yetu na kufumba macho.

Amedeus, gunia likiwa bado kichwani, akasema Lihonga nguruwe watafurahi sana. Kila jioni watakaribishwa mkekani.

Nimemwambia mafunzo ndiyo kwanza yameanza.

Jumamosi, 8 Juni.

Sala ya jumuiya imefanyika kwetu. Wanawake kumi na wawili, wanaume wawili, yaani mimi na Amedeus. Mama Edna ana kawaida yake. Litania ikianza hukumbuka jambo nyumbani, huinama kama anaokota kitu, hutoweka. Miaka yote tunajua, hakuna anayesema.

Leo aliinama, akatoweka, na kabla ya mtakatifu wa tatu akarudi. Beri alikuwa nyuma ya visigino vyake. Mama Edna akapiga magoti mahali pake. Akajaribu tena. Akarudishwa tena. Amemaliza litania nzima kwa mara ya kwanza tangu jumuiya ianzishwe. Baada ya sala wanawake wote walitaka kumgusa Beri kichwani, na Serafina akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mbwa wetu amelelewa.

Amesema mbwa wetu. Nimeliandika.

Jumatatu, 10 Juni.

Yunusi ameniletea fomu ya kamati kutoka ng'ambo. Jina la mwombaji, mahali alipozaliwa, idadi ya wanakaya, majina yao, umri, kazi.

Nimekaa nayo asubuhi nzima. Tangazo linadai kaya, na kaya ya mtu mmoja wataikataa. Lakini fomu haifafanui mwanakaya ni nani. Nimeisoma mbele na nyuma. Haisemi popote kwamba awe binadamu. Sheria ikinyamaza, karani huandika.

Nimejaza kwa wino mweusi. Idadi: wawili. Wa kwanza, Kasmiri, miaka 68, karani mstaafu. Wa pili, Beri, miaka 3, ulinzi wa shamba.

Hakuna hata neno moja la uongo. Yunusi ameondoka nayo.

Jumanne, 11 Juni.

Nimemwomba Serafina tena, safari hii bila hoja za kisheria. Nimemwambia kaburi la mama liko Lihonga, na hakuna wa kulipalilia.

Akasema anajua. Akasema, na Eveline yuko hapa.

Eveline alikuwa binti yetu. Tulimzika mwaka wa kwanza baada ya kuja, mvua zilipokuwa kubwa, na sisi bado hatujajua maji ya kunywa yako upande gani. Alikuwa na miezi saba. Serafina huenda makaburini kila Jumapili baada ya misa. Mimi huenda mara chache. Sijawahi kuandika sababu na leo pia sitaiandika.

Ameshona mfuko wa kubebea unga. Ametia ndani chumvi, kiberiti, na fupa la Beri limefungwa kwenye karatasi.

Jumatano, 12 Juni.

Safari. Baiskeli, godoro, jembe, panga, vitabu viwili, mbwa. Kutoka nyumbani hadi njia kuu ni hatua mia mbili. Tulizitembea kwa saa moja, kwa sababu Beri alikuwa akirudi mlangoni. Mwisho Serafina ikabidi aingie ndani afunge mlango. Niligeuka mara moja. Mlango ulikuwa umefungwa, na kanga yake ilikuwa imebanwa nje na mlango.

Kivukoni palikuwa na mfugaji wa Kisukuma na ng'ombe tisa. Mmoja aligoma ubaoni, akageuka, wengine wakaanza kumfuata, watu wakarukia majini. Kabla sijaita jina, Beri alikuwa ameshazunguka nyuma yao. Alikwenda chini chini, tumbo linagusa matope. Ng'ombe wakapanda mmoja mmoja. Kisha akapandisha abiria nao. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza samaki, asiye na safari, alivushwa bure mpaka ng'ambo.

Mfugaji akaniambia, baba, niachie huyu, chukua ndama. Nilikataa kabla hajamaliza kusema. Baadaye nilishangaa kwa nini nilijibu haraka hivyo. Ndama ni ndama.

Alhamisi, 13 Juni. Lihonga.

Nipo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe la kusagia la mama. Limebaki nusu.

Mawe matatu ya mafiga yapo, yamezama mpaka shingoni. Kizingiti kipo, kinaingia kwenye majani. Mlimao uliokuwa kona ya magharibi umekufa ukiwa umesimama. Kaburi la mama nililipata kwa kuhesabu hatua kutoka kizingitini, ishirini na sita, na msalaba wa mninga ulikuwa umelala kifudifudi. Nimeusimamisha. Nimepalilia. Nilimwambia mama kwamba nimechelewa. Nikamweleza na sababu, mpaka nikagundua nimetumia lugha ya mahakama, nikanyamaza.

Dungu la mtu aliyevuna na kuondoka lipo karibu, imara. Nimeliazima.

Mchana katibu wa kamati amekuja kunisalimu. Anaitwa Valeriani, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole. Shikamoo mzee, pole na safari. Akatazama huku na huku, akauliza mdogo yuko wapi. Amesoma fomu. Nikamwambia Beri yuko nyuma kule, anafukua panya. Akasema si mdogo mno kuachwa kule peke yake? Nikasema amezoea. Akauliza chakula chake. Nikasema chochote, hata mifupa. Akauliza mama yake yuko wapi. Kisawasawa, nikamwambia. Na baba? Nikasema baba alitoka Ulaya, na wale waliomlea waliondoka kwa gari wakamwacha getini siku kumi na moja.

Valeriani alitoa kitambaa akajifuta uso. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kamati itaniangalia kwa jicho la huruma, mzee, kwa kazi unayoifanya katika umri huu. Akaniahidi kikombe cha maziwa kila asubuhi kwa ajili ya Beri.

Kijana mwenye moyo wa pekee kwa wanyama. Lihonga imebadilika.

Beri hatulii. Anakwenda kwenye njia hatua kama mia mbili, anasimama, ananitazama, anarudi. Anazunguka dungu, anahesabu, hesabu haitimii. Nimempa fupa. Hakuligusa.

Ijumaa, 14 Juni.

Beri hayupo.

Nimeita tangu alfajiri. Nimekwenda kaburini, mtoni, kwenye mabwawa. Hakuna. Saa mbili nikaenda ofisi ya kijiji, nikamwambia Valeriani kwamba Beri amepotea.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Valeriani aliruka dirishani, mlango ukiwa wazi. Akapiga chuma kilichoning'inia kwenye mti. Watu wakaacha mpunga. Wanaume walikuja na fito ndefu, wakasimama mstari mmoja kwenye mabwawa, wakipima maji hatua kwa hatua. Wanawake walienda kwenye magugu wakiimba jina lake, Beri, Beri, kwa sauti za kubembeleza. Bibi mmoja alikuja na uji kwenye chupa. Mzee mmoja alinishika bega akasema Mungu yupo. Nikajibu asante. Machozi yalinitoka. Nikajiambia, hawa ndio watu wangu, watu wa Lihonga, na Amedeus aje aone.

Mpaka saa saba hakuna kitu. Valeriani alitoka bwawani, matope mpaka kifuani, ruba amemnata shingoni. Akaniuliza kwa upole, mzee, alipoondoka alikuwa amevaa nini?

Nikasema hakuvaa kitu.

Mwanamke mmoja akaanza kulia. Valeriani akambandua ruba shingoni. Akauliza, ana alama yoyote tunayoweza kumtambua nayo?

Nikasema manyoya marefu shingoni, sikio moja limesimama, na mkia una ncha nyeupe.

Mstari mzima wa wanaume uligeuka, na fito zao.

Sitaandika yote yaliyosemwa. Mtu mmoja mwenye mpunga uliokuwa unapukutika shambani alisema maneno ambayo, mahakamani, ningeyaandika kwa herufi ya kwanza na nukta. Valeriani alikaa chini palepale kwenye matope. Akasema polepole, mzee, mimi nimemwambia mke wangu atoe nguo za mwanetu. Akatazama viatu vyake. Akasema tena, nguo za mwanetu, mzee.

Nikasema fomu haikufafanua.

Aliyeanza kucheka ni bibi wa uji. Alicheka mpaka chupa ikamponyoka. Akasema huyu namjua, huyu ni yule mtoto wa mama wa kwenye mlimao, aliyekuwa akibishana na kengele ya shule. Kicheko kikaenda mpaka bwawani. Hata mwenye mpunga alicheka, lakini alinionyesha kidole akicheka.

Saa tisa akaja mtu wa baiskeli kutoka kivukoni na ujumbe wa Yunusi. Kuna mbwa pale pantoni. Nije haraka.

Kesho kamati inakagua. Asiyeonekana, eneo anapewa mwingine. Nilisimama na baiskeli mkononi, kizingiti kikiwa nyuma yangu na njia mbele. Nikatoa karatasi nikaandika ombi la ahirisho, nikamkabidhi Valeriani. Alilisoma, matope yakidondokea juu ya sahihi yangu. Akasema, nenda mzee. Nenda kamchukue mtoto.

Jumamosi, 15 Juni. Ifakara.

Jana nilimkuta amekaa ukingoni, ameelekea maji. Yunusi alimwekea maji ya kunywa kwenye kopo, akalisogeza kwa mti mrefu kwa sababu ya udhu wake. Akanieleza, babu, huyu kapanda pantoni mara tano, na mara tano kashuka. Ng'ambo kwenu haendi, kwa sababu wewe uko huku. Huku harudi, kwa sababu huko kuna mtu. Nimemwomba achague, hasikii.

Beri aliponiona hakunirukia. Alikuja nyuma ya magoti yangu, akasukuma.

Nilikusudia kumvusha tu, nimkabidhi Serafina, nirudi na pantoni inayofuata. Nilimwambia Yunusi aningoje. Nilifika nyumbani jua limeegemea upande wa Mchombe. Serafina alikuwa anaanua mpunga. Beri alituzunguka mara moja, akalala palepale juu ya turubai, akakoroma.

Serafina hakuuliza kwa nini nimerudi. Aliuliza kama mlango wa kwa mama bado unatazama mto. Nikamwambia hakuna mlango. Akaniongezea wali.

Yunusi amesema aliningoja kidogo, kisha akavuka.

Jumanne, 18 Juni.

Barua ya Valeriani. Ahirisho limekubaliwa mpaka tarehe 30. Kamati imecheka siku tatu, na imeona kwamba mtu aliyewachekesha watu wa msimu wa mavuno hastahili kunyimwa. Sharti moja: safari hii wanakaya wote wawe na miguu miwili. Ameongeza kwa mkono wake kwamba mkewe amezirudisha nguo sandukuni na ananisalimu.

Nimemsomea Serafina. Akafuta mikono. Akasema kama ni lazima, Baba Fidelis, atakuja. Ila Jumapili zote awe huku.

Alisema huku akitazama ukutani. Mimi najua kutazama ushahidi. Nikakunja barua.

Jumatano, 19 Juni.

Amedeus amekuja kuniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia nimejifunza kwamba mpango ulikuwa mzuri na mbwa alikuwa mmoja mno. Wangekuwa wawili, mmoja angebaki huku. Ni hesabu tu. Amedeus akasema ndiyo, shemeji, ni hesabu.

Hata hivyo kipaji cha Beri hakiwezi kukaa bure. Nimesikia mashine ya kukoboa mpunga inatafuta mlinzi. Nimemwandikia barua ya maombi leo asubuhi, nakala mbili. Nimeeleza umri, miaka mitatu, na uzoefu wa kivukoni, na kwamba anazungumza kidogo. Nimependekeza aitwe kwenye usaili. Serafina hajaambiwa, nimeandika kwamba familia imeridhia.

Nyingine nimemwandikia Valeriani. Hiyo ni fupi. Nimemshukuru yeye na watu wa mabwawani. Nimemwomba yeyote atakayepewa eneo lile asilime hatua ishirini na sita kutoka kizingitini, upande wa mto. Eneo wampe mwenye kaya. Mimi sitarudi Lihonga.